Mnyororo Wako Bado Uko Fula

Kator, nyuma ya Kanisa Kuu,
Juba.
14 Machi 2009

Mpendwa Babu Emilio, mume mwenzangu,

Pokea salamu, kisha umpe Nyanya Teresina nusu yake, ile nusu kubwa, maana huyo ni mke wetu sote wawili na wewe nakujua kwa uchoyo. Goti la kushoto linasemaje? Na kile kikohozi, kimehama au bado mnalala watatu kitandani? Baridi ya Kitale haina adabu, jifunike.

Mimi ni mzima kama reli. Shangazi Lilly pia ni mzima, anatupikia vizuri mpaka yeye mwenyewe amenenepa. Usimwambie nimesema.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Babu, wewe ukishika simu unaongea peke yako kwa sauti ya kuita ng'ombe, halafu unakata. Jambo la leo lataka ulisikie mpaka mwisho. Ndiyo maana nimemwomba Mama Pearl, muuza vitenge, apitie kwako na barua hii. Mpe chai, na umwambie Nyanya asisahau sukari kama kawaida yake.

Kwanza nijisifu kidogo, haki yangu. Nyinyi mliosema eti kwa kuacha shule darasa la saba nitachunga mbuzi wako hadi nizeeke, njooni mtaa wa Thongpiny muone mageti ya wale watu wa misaada wenye magari meupe. Manne nimeyachomelea kwa mkono huu. Mtaa wote wa Hai Jalaba ukiuliza fundi wa kuchomelea wanakuonyesha mimi, isipokuwa mwenye karakana, Mganda mmoja anaitwa Lubega. Yeye husema, "Wewe Sebit, mdomo yako iko na moto kuliko mashine." Lakini fremu ya lori ilipovunjika Nimule, alimtuma nani?

Kazi ya siku mbili niliimaliza kwa moja. Siku ya pili ilikuwa yangu, nikaenda Fula, kwenye maporomoko yako.

Usikunje barua. Endelea.

Naijua hadithi. Nyanya hunisimulia ukisinzia, na usimgombeze, hata yeye imemkaa kooni. Ule mwaka wa maji mengi uliachiwa boti ya chuma uifunge juu ya maporomoko. Watu wakasema uliifunga mbiombio, ukakimbilia kwa msichana, na msichana mwenyewe ndiye huyo anayekusomea barua hii. Mto ukapanda, boti ikaenda na maji mpaka korongoni, na Yangi mpishi alikuwa amelala ndani. Tangu hapo jina lako pale likawa Mwacha-boti. Vita vya kwanza vilipokuja kila mtu alikimbia akilia, wewe ukakimbia kama mtu aliyefunguliwa mlango. Sasa amani ina miaka minne, wenzako wote wamerudi, na wewe unasema ni goti.

Haya. Sasa nikwambie Fula ilivyo, maana wewe hujawahi kunisimulia, na hilo sikusamehi.

Mto unakuja mpana, mpole, unatembea kama padri. Ghafla miamba inaubana kutoka pande zote mbili, kama mtu aliyeminya mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Maji yote yale yanalazimika kupita kwenye mwanya ambao nilisema moyoni, huu naweza kuuruka. Nilipokaribia nikaacha kusema. Maji hayatiririki pale, Babu, yanajisokota kama kamba, na ni meupe kama moto wa kuchomelea. Niliitamani miwani yangu nyeusi ya kukinga macho. Miamba imesuguliwa mpaka inang'aa kama masufuria ya Nyanya. Ardhi inatetemeka chini ya ndala. Moshi wa maji unapanda, na ndani yake upinde wa mvua umesimama tu, hauna haraka, na vijindege vya buluu vinapita katikati yake kana kwamba ni mlango wa kwao. Nimeona magorofa ya Nairobi, nimeona ndege kubwa zikitua hapa Juba. Sijawahi kuona kitu kikanifunga mdomo. Pale nilinyamaza, na mashahidi wapo.

Shahidi ni mama mmoja wa makamo anayekausha samaki karibu na korongo. Ndiye aliyenipitisha kwenye njia ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, yale mekundu ni ya mabomu ya ardhini. Akaniuliza, "Ita min wen?" yaani natoka wapi. Nikamjibu kwa maringo, Juba, Kator.

"Kator ni shati tu," akasema. "Hayo masikio ni ya Emilio."

Babu, huyo ni Keji, binti wa Yangi. Baba yake alipozama, yeye alikuwa mgongoni kwa mama yake. Masikio yako ameyajua kwa kusimuliwa. Nami nilikuwa nimesimama ukingoni kabisa, maji yananguruma chini. Nikarudi hatua mbili.

"Usiogope," akaniambia. "Ningekuwa mtu wa kutupa watu mtoni, ningeanza na marehemu mume wangu."

Akanionyesha boti. Imelala kifudifudi kati ya miamba miwili, nyekundu kwa kutu, na ndege wamejenga tumboni. Ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nikashuka. Keji alisema hakuna anayeshuka, na hapo ndipo alipokosea, kumwambia hivyo mjukuu wako. Nilifika, nikaishika.

Sasa sikiliza kama unavyosikiliza Injili. Puani mwa boti, pale inapokaa pete ya kufungia, hakuna pete. Pana tundu, na bati limechanika kuelekea nje. Asiye fundi ataona tundu tu. Mimi nimechanika vidole kwa mabati, nikajua: kitu kiliivuta boti hii, nayo ikavuta, wakashindana mpaka bati likararuka. Boti isiyofungwa haina wa kushindana naye.

Nikapanda mbio, nikamuuliza Keji boti zilifungwa wapi. Akanipeleka juu ya maporomoko, mwendo wa nusu saa, kwenye mwamba ulioinama majini. Anasema miaka mingi maji yaliufunika, kisha watu wakakimbia, kisha yakaja mabomu. Siku hizi kiangazi ukitokeza yeye huanika nyavu zake juu yake. Tukaziondoa nyavu.

Mnyororo uko pale; Keji alikuwa akiuona kama chuma cha yeyote tu. Umeuzunguka mwamba mara tatu, ncha imerudishwa ndani kwa mkono wa kushoto, na boliti imepita katikati ya pingili. Babu, mbuzi wako wote hapo Kitale wamefungwa hivyo hivyo, na mimi nimekula makofi yako ya kutosha kwa kuzungusha mara mbili. Nikauvuta kutoka kwenye matope hadi mwisho wake. Mwishoni pete inaning'inia, nzima, na kipande cha bati la boti bado kimeing'ang'ania.

Mnyororo ulishika. Pete ilishika. Boti ndiyo iliyoachia.

Keji aliipima ile pete kwa kiganja. Halafu akasema, "Kila kiangazi nimekaa hapa nikimlaani Emilio, na jibu liko chini ya nyavu zangu."

Nilikuwa na msumeno wa chuma begani. Nilitaka nikuletee hiyo pete uitundike ukutani, wanaosema wakome. Keji akanishika mkono. Kwao fundo lililohusika na kifo cha mtu hufunguliwa na mkono uleule uliolifunga. Hapo ndipo kilio chake kinakwisha. Mama yake alikufa kilio cha Yangi kikiwa wazi. "Sitaki mbuzi wake wa fidia," akasema. "Nataka mkono wake." Kwa hiyo sikuukata. Lubega ameniita mjinga, eti chuma cha zamani ni bei. Nikamwambia kile si chuma, kile ni babu yangu.

Mvua zimekaribia. Keji anasema mwamba utazama tena baada ya Pasaka, na mpaka utokeze ni mwaka kesho, na wewe, tusidanganyane, si kijana. Basi njoo uufungue kabla ya hapo. Nimekuchomelea kitanda kifupi ili goti lisipande mlima. Nyanya naye nimempangia upande wake, mbali na wako.

Nisalimie mjomba Bona na wanawe, na dada Yar, mwambie magauni aliyoagiza yapo. Majirani wote wa pale dukani wasalimie pia, hata yule anayesema mimi ni muongo. Mungu awashike nyote kama ulivyoshika mnyororo wako, mara tatu, na ncha ndani.

Ukikataa kuja, nitakuja mimi kumchukua mke wetu. Ukikubali, beba mkono wako wa kushoto tu, mengine tutakutafutia huku.

Ni mimi, mume mwenza na mjukuu wako akupendaye,
Sebit