Mguu wa Wabwile na Mikono ya Mama

Wadi ya Upasuaji ya Wanaume,
Kitale.
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa shemeji Hillary,

Mulembe. Natumaini joto la Doha halijakuchosha, na kile kifua kimepona. Watoto hawajambo. Mimi miguu imevimba kwa kusimama, lakini nasimama. Simu zangu huchukui, ndiyo maana nimempa barua hii Kinyua, mwenzako wa kazini, anayepanda ndege kesho. Isome mpaka mwisho, hata kama una hasira.

Umesikia kwamba nilimpiga Mama yenu. Sikumpiga. Nilimsukuma, akaketi sakafuni mbele ya akina mama wa kanisa. Hilo ni kweli, na linaniuma.

Sasa pokea habari za ndugu yako, mume wangu Wabwile. Trela ya mahindi ilipomwangukia kule Moi's Bridge, mfupa wa muundi ulisagika, chini kidogo ya goti. Daktari Jepkoech alitoa vipande vilivyokufa, likabaki pengo la upana wa vidole vinne. Ametia humo saruji yenye dawa ishike nafasi, na vyuma vya nje vinaunyoosha mguu. Baada ya wiki kama nane atachota mfupa kwenye nyonga ajaze pengo hilo.

Mimi nilidhani kazi ni ya mfupa tu. Nikamwuliza mbona asiuweke leo leo twende nyumbani. Akasema, "Mama, mfupa naweza toa kwa nyonga. Lakini hapa mbele nyama na ngozi zimeisha. Bila nyama hai juu yake, huo mfupa utaoza tu."

Basi Alhamisi alichukua msuli wa nyuma ya mguu, ukiwa bado umeshikana na mshipa wake wa damu, akaugeuza mbele kufunika pengo, na juu yake akabandika ngozi ya paja. Akatuonya usigandamizwe hata na blanketi, kwani mshipa ule ndio unaoulisha.

Jumapili Mama akaja kutoka Misikhu na wenzake wanne wa kanisa. Wabwile alikuwa amelala kwa dawa. Unamjua Mama, haombei mtu kwa mbali. Aliweka mikono miwili palepale juu ya bandeji, akaegemea kwa uzito wake wote, machozi yakimtoka. Nikamwambia si hapo. Hakusikia. Ndipo nikamshika na kumsukuma. Akaniuliza kutoka sakafuni, "We Fridah, ati unanikataza mtoto nilizaa?"

Nesi Cherop alipofungua bandeji, nyama ilikuwa imegeuka zambarau. Walikata nyuzi mbili za mshono ili damu ipite. Jioni wekundu ulirudi, isipokuwa pembe moja, upana wa kidole gumba, iliyobaki nyeusi. Sijui kama ni mikono ya Mama au ingekuwa hivyo hata asingekuja. Daktari naye hasemi.

Jumatatu atafungua tena. Weusi ukiwa umetambaa, mguu utakatwa juu ya goti. Kila asubuhi nesi huibonyeza nyama kwa ncha ya kidole, nami pumzi hunikatika mpaka wekundu urudi. Ninaogopa, shemeji. Sijawahi kuogopa hivi.

Wazee wameniitia kikao Jumamosi. Nimewajibu mapema. Kwa kumsukuma Mama naomba radhi, na nitampigia magoti. Kwa kuiondoa mikono yake siombi radhi, hata mkinirudisha kwetu Kamukuywa.

Derrick na dada zake wanakusalimu sana baba yao mkubwa. Nisalimie wenzako wote wa huko. Mungu akuepushe na ajali, akurudishe ukiwa mzima.

Nina ombi moja tu. Wabwile anauliza kila siku mbona mamake haji. Mpigie Mama simu, wewe ndiye kifungua mimba wake, atakusikia. Mwambie nimemwekea kiti upande wa kichwani. Kichwa cha mwanawe hakina jeraha. Aweke mikono hapo, aegemee apendavyo.

Wako akupendaye, ukiwa na hasira au bila,
Fridah