Kiti cha Nyuma

Marlhithe, kando ya Solent
5 Machi 1933

Mpwa wangu Wilfred,

Salamu zikukute huko Malta ukiwa na afya na meno yote. Mimi mzima, ukiacha goti langu, ambalo linajua mvua kabla ya gazeti. Mama yako kule Bideford hajambo, ila analalamika huandiki. Mwandikie, la sivyo atanilaumu mimi.

Sasa kaa chini nikupe habari. Kiwandani tunaunda ndege ya jeshi la majini, ya mabawa ya ghorofa, bawa juu ya bawa, ya kubeba topido moja, kombora la kuzamishia meli, tumboni kama paka aliyeng'ata samaki mkubwa kuliko yeye. Ikishatua juu ya meli, mabawa yanakunjwa nyuma kama ya nzi, inateremshwa ghalani. Nani amezikaza nyaya za mabawa hayo? Mjombako. Nyaya zenyewe nyingi hata ukianika humo nguo za mtaa mzima, rubani hataona tofauti. Nikiugonga waya kwa ukucha najua kwa mlio wake kama umekaza au umelegea. Juzi nilizigonga zote, zikatoa wimbo wa kanisani, mafundi wakavua kofia.

Bwana Rudge, mchoraji mkuu, hapigi mstari kabla ya kunitazama usoni. Ule mkia ni wazo langu. Nilimwambia, "Bwana, mkia mrefu ni wa tausi, sisi tunakwenda vitani." Akacheka, akaufupisha.

Nimemweleza habari zako pia. Walikuwa wanatafuta mwanajeshi wa kukaa kiti cha nyuma wakati wa majaribio, ashike redio na bunduki. Nikasema msihangaike, nina mpwa aliyetua juu ya meli katika dhoruba huku anakunywa chai, na hakumwaga hata tone. Akaliandika jina lako palepale. Usinishukuru.

Mjombako akupendaye,
Jabez Hockaday


Melini, Malta
24 Machi 1933

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila jua limenibambua pua kama kiazi cha kuchemsha. Pole kwa goti.

Jana kapteni aliniita. Nikadhani nimeharibu kitu. Akaniuliza, "Tapscott, wewe ndiye unayekunywa chai kwenye dhoruba?" Nikamwambia kikombe kile kilikuwa kitupu, bwana. Akasema, "Kitupu au kimejaa, kiwanda kimekutaja kwa jina. Unarudi Uingereza." Sasa meli nzima inaniita Mzee wa Chai. Hilo umenifanyia wewe.

Lakini nimefurahi, mjomba, siwezi kukuficha. Tangu nijiunge, jina langu hutajwa tu panapokuwa na sakafu ya kuoshwa. Nikifanya vizuri kwenye majaribio haya, wamesema nitafundisha redio pale Gosport. Nitakaa nchi kavu, na mama hatakesha kila upepo unapovuma.

Na kwa kuwa mkia ni wa kwako, nitakaa hapo nyuma bila wasiwasi. Hata ukinitupa, nitakuwa nimetupwa na mtu wa ukoo.

Mpwa wako,
Wilfred


Marlhithe
20 Aprili 1933

Mpwa wangu,

U hali gani? Nimesikia umeshafika Gosport. Mimi si mgonjwa, kama ulidhani kimya changu ni ugonjwa.

Wiki iliyopita rubani wetu, Lockyer, aliipaisha peke yake, na topido ya mfano tumboni, chuma na saruji tu. Ilipaa vizuri. Sisi tulitoka nje na vikombe vyetu kutazama. Ilipofika juu ya mto ikapunguza mwendo, ikainua pua kidogo, kisha ikaanza kuzunguka. Si kwa kuchimba pua chini, kama ndege zote zinavyofanya. Ililala bapa, ikazunguka kama sahani iliyozungushwa mezani, bila haraka, huku inashuka. Injini inanguruma kama kawaida. Hilo ndilo lililonitisha, ile kawaida yake.

Ilijiokota yenyewe karibu na ardhi, chini sana hata ng'ombe wa malishoni wakalala kifudifudi kama askari. Lockyer akaja bandani, akaweka sigara mdomoni kinyume, akaiwasha upande usio wake, akaivuta hivyohivyo. Hakuna aliyecheka. Alisema kitu kimoja tu: "Nilikanyaga pedali za usukani wa mkia kwa miguu yote miwili. Mkia haukunisikia."

Nikikumbuka vizuri, habari ya mkia mimi na Bwana Rudge hatukuizungumza kwa marefu.

Nasikia jino lako la nyuma linauma. Kama haliumi, lianze. Daktari akikupa siku tatu za kulala, wewe lala saba.

Mjombako,
Jabez


Gosport
24 Aprili 1933

Mjomba,

Shikamoo. Sijambo, na meno yangu hayana shida.

Nimeisoma barua yako mezani kwa wenzangu, tukacheka sana kwa wale ng'ombe. Kisha nikaenda kitandani nikaisoma tena peke yangu, sikucheka. Sasa sijui, mjomba. Ukiniandikia tena kwamba samaki wako alibweka, najua la kufanya na barua. Hii sijui niiweke wapi.

Amri imetoka. Alhamisi tarehe nne Mei wakubwa wa majini wanakuja Marlhithe kuiona ndege ikipaa na mzigo kamili, mimi nikiwa nyuma. Kama ni mbovu, mbona Bwana Rudge anaiachia? Yule ana shule. Na mbona unaukana mkia wako?

Nieleze kama unavyomweleza kasisi. Punguza ng'ombe.

Mpwa wako,
Wilfred


Marlhithe
28 Aprili 1933

Mwanangu Wilfred,

Natumaini u mzima. Ng'ombe walikuwa wamesimama. Mengine yote ni kama nilivyoandika. Mkia ule sijaugusa, wala hakuna aliyeniuliza.

Jana nilimfuata Bwana Rudge chumbani kwa wachoraji. Kanitazama, kasema, "Hockaday, leo samaki amesemaje?"

"Samaki ni habari nyingine, bwana. Ndege hii ikianza kuzunguka, mwili wake unaukinga mkia. Upepo haufiki kwenye usukani."

Nilijiandaa kubishana. Mwanangu, hakubisha. Alivua miwani, akaifuta na tai. "Najua," akasema. "Mkia mrefu zaidi tumeshaanza kuuchora. Ni kazi ya miezi. Wakubwa wanakuja Alhamisi. Wakiondoka bila kuiona hewani, hakutakuwa na mkia mrefu wala mfupi, na mimi na wewe tutatembeza maziwa milangoni."

"Basi apande Lockyer peke yake."

"Wanataka kuona kiti cha nyuma kina mtu. Lockyer ataenda polepole. Asipoinua pua, haitazunguka."

"Na akiinua?"

Akavaa miwani. "Funga mlango ukitoka."

Huko bandani nyapara wetu, Snell, ameshatangaza kwamba kosa ni la nyaya. Ameniamuru nizifungue zote nizikaze upya, ili wakubwa wakiuliza, aseme tumerekebisha. Ninazikaza. Zilikuwa sawa jana, zitakuwa sawa kesho.

Mimi ndiye niliyelitaja jina lako mbele ya watu wale. Sasa nakuomba, usipande.

Jabez, mjombako


Gosport
30 Aprili 1933

Mjomba,

Shikamoo. Safari hii nimekuamini.

Lakini fikiri. Nikisema sipandi, wataniuliza nimeambiwa na nani, nawe utatimuliwa kazini kabla ya chakula cha mchana. Na kiti hakitabaki wazi. Baada yangu kwenye orodha yupo Peverell. Ameoa mwezi wa pili. Juzi alinionyesha soksi alizofumiwa, moja ndefu kuliko mwenzake, na anazivaa hivyohivyo kwa fahari. Nitamtazamaje yule bwana?

Nitapanda. Lockyer anaijua, haitamshtua tena. Usimwambie mama, tafadhali. Akisikia kwa sauti yako ndege itakuwa tayari inawaka moto.

Wilfred


SIMU YA MAANDISHI
Marlhithe, 2 Mei 1933
Kwa Tapscott, Kambi ya Gosport

MAMA HALI MBAYA SANA. ANAKUITA. NJOO BIDEFORD LEO. MJOMBA


Marlhithe
Jumatano, 3 Mei 1933

Mpwa wangu mpendwa,

Ukisoma hii utakuwa umeshamkuta mama yako jikoni, mikono imejaa unga, anakuuliza unatafuta nini nyumbani katikati ya wiki. Mwambie salamu zangu. Kasirika kwanza, kisha endelea kusoma.

Najua unamfikiria Peverell. Hapandi. Tangu wakati wa vita tunayo desturi hapa: fundi akizifungua nyaya zote za ndege na kuzikaza upya, safari yake ya kwanza anapanda yeye mwenyewe. Ndiyo iliyowafundisha watu kukaza bila kusinzia. Siku hizi imelegea, fundi husema ana mafua na kiti hupewa mfuko wa mchanga. Lakini haijafutwa. Leo mchana nilimwendea Snell mbele ya banda zima, makusudi.

Nikamwambia, "Nyaya ni zangu. Nadai kiti changu."

"Wewe, Jabez? Ukipanda ngazi ya kupakia rangi unafumba macho."

"Jua hunichoma."

"Ndani ya banda?"

Watu wakaangua kicheko. Nikawaacha wacheke. Akasema, "Kiti hakitakutosha."

"Kitanizoea."

"Wakubwa wanataka mwanajeshi pale nyuma."

"Wakubwa watakuwa chini kwenye majani. Ukiwa chini, kichwa kilichovaa kofia ya ngozi hakina cheo."

Hapo mzee Tolliver akaanza kugonga meza kwa spana, wengine wakafuata, banda likawa linatwanga kama kinu. Snell anajua, akimnyima fundi haki hiyo mbele ya watu, kesho hakuna atakayemkazia hata skrubu. Akakubali, akatuma neno Gosport kwamba Peverell asisumbuliwe.

Nimekwisha jaribu kofia. Inanipendeza kuliko ninavyopaswa kusema. Kiti chenyewe kiko karibu sana na mkia, ukigeuka unauona wote. Lockyer aliniita kando, akanifunga mwavuli wa kurukia mgongoni, akanionyesha kishikio cha kuvuta. Akasema, "Nikikwambia ruka, usinijibu. Najua wewe unapenda kujibu." Nikamwambia sawa. Akasema, "Umeona? Umejibu."

Mabawa yamepakwa rangi ya fedha leo, banda zima linanuka ile dawa ya kukazia kitambaa cha mabawa, tamu kama peremende, inaumiza kichwa. Ndege inang'aa. Ukiitazama imesimama pale huwezi kuamini neno baya juu yake.

Kule Gosport waambie mama yako alikuwa mahututi, mjombako akamwombea, akapona. Hiyo wataiamini, ni ndogo. Hii ya kesho nitakuandikia mwenyewe, na nitaianza taratibu.

Mjombako,
Jabez


Bideford
Jumapili, 7 Mei 1933

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, nami sijambo. Sisi hatuna neno.

Barua yako imefika Ijumaa. Nilikasirika kama ulivyoniagiza. Kisha nikakimbia posta kupiga simu kiwandani. Aliyepokea aliniuliza jina, akaniuliza wewe ni nani wangu, akasema nisubiri. Nikasubiri hadi posta ilipofungwa. Jana nimepiga tena, akapokea mwingine, akasema nyapara atatuandikia. Sikumuuliza ataandika nini.

Gazeti la jana lina mistari michache. Ndege ya majaribio imeanguka Alhamisi kwenye matope ya mto karibu na Marlhithe. Rubani ametua kwa mwavuli, ni mzima. Hapo habari inakwisha. Hawakuandika kwamba kulikuwa na mtu wa pili. Nimelishika hilo. Huenda kiti kilikukataa. Huenda ulifumba macho ngazini ukashuka, nao wamekucheka, nawe umejifungia ndani kwa aibu. Mjomba, kama ni hivyo, kaa na aibu yako, mimi sitacheka hata siku moja.

Kesho asubuhi nachukua treni, nitapitia kwako kabla ya Gosport.

Nimemsomea mama gazeti, nikamwambia hayo yote: kiti, ngazi, aibu. Alikuwa anaosha vyombo. Alimaliza, akakausha mikono, akakaa. Akasema, "Siku alipoanguka na baiskeli nilipata barua ya kurasa nne. Jabez hajawahi kupatwa na jambo akakaa nalo kimya hadi Jumapili."

Mpwa wako,
Wilfred