Nilishinda Mbio Bila Shati Alilonishonea Mke Wangu

Mpendwa Bi Adeline,

Naomba unipe sikio, maana huku nilipo sina mwingine wa kumweleza isipokuwa Ruben ninayefanya naye kazi, na ushauri wa Ruben ni wa kucheka tu. Mimi ni mtu wa milima ya Kentucky, nina miaka hamsini na minne, shule niliachia darasa la tisa nikaingia mgodi wa makaa ya mawe, kwa hiyo ukiona sentensi zangu zinakwenda kama lori lisilo na breki unisamehe. Mgodi ulipofungwa nilifuata kazi mpaka huku jimbo la Washington, na huu ni mwaka wa nne nachimba mitaro, naziba mapaa na kutengeneza njia katika kambi moja ya kiangazi kwenye misonobari, ambako wageni hukaa uchi, hula uchi, hucheza tenisi uchi, na kabla hujaketi kwenye kiti lazima utandike taulo lako. Mwanzoni nilikuwa nainamisha macho mpaka shingo ikauma. Baada ya wiki mbili nilizoea, maana mtu akija kukuambia choo chake kimeziba, unachofikiria wewe ni choo.

Sisi wafanyakazi tunavaa nguo kwa sababu ya vifaa, lakini mimi nilizidisha. Mwezi wa saba, jua linapasua mawe, mimi nimefunga vifungo mpaka kooni, shati la bluu la mikono mirefu alilonishonea mke wangu Glenna, na wageni wakipita wananiuliza kama huko ndani ya shati kuna baridi. Sababu hawakuijua. Miaka ishirini na miwili iliyopita moto ulilipuka mgodini ukanichoma ubavu wote wa kushoto na sehemu ya mgongo, kutoka shingoni mpaka karibu na goti, na Glenna aliniosha na kunibadilishia bandeji miezi saba kwa mikono yake mwenyewe. Siku bandeji ya mwisho ilipotoka nilijitazama kwenye kioo, nikavaa shati, na tangu siku hiyo Glenna hajauona mgongo wangu mchana. Nabadilisha nguo bafuni mlango umefungwa, nalala na fulana, na mtoni sijaogelea tena.

Sasa, kila mwaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane kambi hufanya mbio za kilomita tano. Njia ya mbio naitengeneza mimi. Kila mzizi naujua, kila shimo nimelijaza kokoto kwa toroli. Na asubuhi kabla ya kazi huwa naikimbia peke yangu, nimevaa kila kitu, kwa sababu kukimbia ndicho kitu pekee nilichokiweza shuleni, ila niliacha shule kabla ya kupata hata utepe. Mwaka huu Bi Solveig, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa ambaye ndiye mshika saa wa mbio hizo, alinisimamisha na reki yangu akaniuliza kwa nini mtu anayeijua njia kuliko wote hasimami mstarini. Nikamwambia mimi si wa mambo hayo. Akaniambia, "Ukitaka kukimbia na nguo, kimbia, lakini kanuni ni kwamba aliyevaa zaidi ya viatu na soksi hapati medali. Chagua unachokitaka zaidi, Kentucky." Kisha akaondoka na fimbo yake.

Bi Adeline, sikulifikiria jambo lingine wiki nzima.

Siku yenyewe nilijipaka mafuta ya kukinga jua mpaka nikawa nang'aa kama samaki, maana ngozi ile haijaona jua tangu ichomwe, halafu ndipo nikaenda kwa Bi Solveig kuandikiwa namba. Huko namba haibandikwi, pa kuibandika pako wapi? Inaandikwa pajani na begani kwa kalamu ya wino mzito. Kila mgeni wa zamani anajua kwamba namba ndiyo ya kwanza, mafuta ndiyo ya pili. Mimi sikujua. Aliniandika sitini na moja, na kabla hata filimbi haijalia sitini na moja yangu ilikuwa imeteremka mpaka kwenye soksi.

Taulo nililing'ang'ania mpaka dakika ya mwisho. Nilipolitundika kwenye uzio, tulikuwa watu mia moja na kumi na wanane na mimi nilijiona niko peke yangu duniani. Ruben alikuwa amesimama pembeni na nguo zake zote, akapiga kelele, "Kentucky, usipotee, huna mfuko wa kuwekea ramani!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na filimbi ikalia nikiwa bado nacheka. Nakwambia ukweli, baada ya hatua mia moja hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake, kila mtu anatazama mzizi ulio mbele yake. Upepo ulinipiga ubavuni mahali ambapo haujanipiga kwa miaka ishirini na miwili. Kwenye kilima nilipita upande wa kushoto nilipomwaga kokoto mwezi wa sita, wengine wanateleza kulia, nikampita mwanasheria mmoja, nikampita na daktari wa meno wa mji wa Spokane ambaye hushinda kila mwaka katika kundi letu la miaka hamsini na zaidi.

Nilimaliza wa kwanza katika kundi hilo. Wakati wa kutoa medali daktari wa meno akasema, kwa upole tu, si kwa ubaya, kwamba mtu asiye na namba hawezi kuhesabiwa. Bi Solveig akavaa miwani, akafungua daftari lake, akasoma mbele ya wote: "Hana namba. Kovu la moto, ubavu wa kushoto. Dakika ishirini na mbili na sekunde arobaini na nane." Akamtazama daktari, akamuuliza, "Kuna mwingine hapa mwenye kovu kama hilo, nimfute huyu?" Daktari akacheka, akanishika mkono. Watu wakapiga makofi. Taulo langu lilikuwa palepale kwenye uzio, hatua tatu, na sikulichukua. Nilikwenda kupokea medali yangu polepole, ili wote wanione vizuri.

Shida yangu inaanzia hapo. Medali niliituma nyumbani kwa posta. Ina mkimbiaji mdogo kama ukucha, hana nguo, na Glenna akasema amefanana na zile sanamu za Wagiriki wa kale. Nilikuwa nimemwambia ni mbio za kazini, na kambi yenyewe ni ya namna gani sijawahi kumweleza. Akaniuliza kwenye simu, "Ulikimbia na shati langu la bluu?" Nikamjibu ndiyo. Lilitoka lenyewe, Bi Adeline, sikulipangia. Sasa ameshawaambia kanisani kwamba mume wake ameshinda mbio na shati alilomshonea, na Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, tunapokutana waumini wote wa zamani na wa sasa, Ndugu Hobert, mchungaji wetu, anataka medali iwekwe mezani kati ya kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi, nami nisimame nieleze nilivyoshinda. Kanisa letu ni lile ambalo mwanamume akivaa kaptula wanamwombea. Nitakuwa nimefika nyumbani tangu Ijumaa.

Ruben anasema ninyamaze, medali haina mdomo. Mimi sioni aibu kwa nilichofanya, mwakani nitakimbia tena, na kilima nimeshaanza kukifanyia mazoezi. Lakini kila nikishika simu nimweleze Glenna, mkono unakufa ganzi. Je, nimwambie, au niache furaha yake ilivyo?

Ni mimi, Mkimbiaji wa Kambini.

JIBU LA BI ADELINE

Mkimbiaji wangu, kwanza pokea pongezi. Dakika ishirini na mbili kwenye kilima, kwa miaka hamsini na minne na mgongo wa mtu wa mitaro, si mchezo. Hapa ofisini nimewasomea barua yako wenzangu wawili, na mmoja ambaye hajakimbia tangu aachwe na basi amekwenda kutafuta viatu vyake.

Sasa nikukemee kidogo. Umeniandikia mengi kuhusu Ndugu Hobert na kuku wake, ukaniandikia machache tu kuhusu bandeji, na tatizo lako liko kwenye hayo machache. Nguo hazikusumbui, umesema mwenyewe. Kanisa nalo si kitu, wataguna, watakuombea, kisha watakula. Unachoogopa ni swali moja tu la Glenna: kwa nini watu zaidi ya mia wamekuona kabla yangu? Yeye aliyekiosha kidonda hicho miezi saba umemfungia mlango wa bafuni miaka ishirini na miwili, halafu bibi mwenye kalamu akakisoma kwa sauti na wewe ukatembea polepole. Ndiyo maana mkono unakufa ganzi, na una haki ya kufa ganzi.

Ruben mwambie achimbe mitaro. Medali haina mdomo, lakini wewe unao, na umeshautumia vibaya mara moja. Ukisimama kanisani na uongo wa shati, utakuwa umemsimamisha na mkeo kwenye uongo ambao hakuuchagua.

Mpigie leo. Usingoje Jumapili jikoni kumejaa wanawake wa kwaya, na usimwandikie barua, hili ni la sauti. Anza na shati: mwambie uliongopa, hukulivaa. Halafu kovu, halafu kambi, kwa mpangilio huo. Usianze na utani wa ramani hata kama ni mzuri, na ni mzuri. Akikuuliza lile swali, mjibu ukweli: wale hawakukujua kabla ya moto, kwa hiyo mbele yao hukuwa na cha kupoteza, lakini yeye alimjua yule kijana wa zamani, nawe uliogopa atamkumbuka. Usikate simu. Akilia, sikiliza. Akicheka, subiri acheke peke yake kwanza, hiyo ni haki yake.

Litakalosemwa kanisani aamue yeye, maana ndiye atakayebaki na watu hao wewe ukirudi Washington. Akitaka useme kilomita, kilima na dakika tu, sema hizo, zote ni kweli. Akitaka medali ibaki nyumbani, ibaki, bado ni yako.

Na Ijumaa ukifika usilale na fulana. Jumamosi mchana, pazia likiwa wazi, vua shati, kaa kwenye kiti cha jikoni umpe mgongo, umwombe akupake mafuta pale mkono wako usipofika. Najua pako, kila mgongo unapo. Usimweleze chochote, kaa tu mpaka amalize.

Mwakani ukirudi mstarini, mruhusu akupake tena kabla hujaondoka nyumbani. Lakini siku ya mbio yenyewe, mzee wangu, usisahau: namba kwanza, mafuta baadaye.