Bibi Dokia Anataka Kujua Mwisho

Burnaby, 2 Novemba

Bibi Dokia mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba moyo umepunguza kukusumbua tangu ulipokuzuia kusafiri kuja harusini. Sisi hatujambo. Mimi, niseme ukweli, sijawahi kuwa mzima hivi tangu nizaliwe.

Orest ameniambia simu huisikii vizuri, na anayetaka kuzungumza nawe aandike kwenye karatasi. Basi naandika. Mimi ndiye Tamsin uliyemwona kwenye picha tu, mke wa mjukuu wako kwa siku ya ishirini na mbili leo. Wasichana wa duka la mikate ninakofanya kazi wananicheka. Wanasema nimekuwa kama redio iliyokwama kwenye stesheni moja.

Najua wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo shukrani zote nazileta kwako. Nashukuru anavyokunja mashati. Nashukuru anavyonikaangia mayai Jumamosi huku akiimba zile nyimbo zenu za Kiukraini, ambazo sielewi neno hata moja na nazipenda zote. Nashukuru anavyonishika mkono barabarani hata glavu zikiwa zimelowa. Sikujua mtu anaweza kurudi nyumbani akitamani kukuta viatu vya mtu mwingine mlangoni. Sasa najua.

Kinachonitesa ni kazi yake tu. Kama ujuavyo, yeye ndiye huandika yale maneno yanayopita chini ya picha kwa watu wasiosikia, na mwaka huu wamempa msimu wa mwisho wa tamthilia ya runinga, "Kituo cha Mto Mweupe". Kwa hiyo mume wangu anajua kila kitu kitakavyoisha. Kila Jumapili tunakaa kochi moja kutazama, mimi nauma kucha, yeye uso mkavu kama ukuta. Sijamwuliza hata mara moja na sitamwuliza. Kusimuliwa mwisho kabla ya kuuona kwangu ni sawa na kula chakula kilichotafunwa na mwingine. Akithubutu kusema "ngoja uone" nampiga na mto.

Orest anakubusu. Mimi pia, kama unaruhusu.

Mjukuu wako mpya,
Tamsin

Canora, 14 Novemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nakuita hivyo kwa sababu huyo mwanamume nilimpenda mimi kwanza. Nilimwogesha, nikamfunga kamba za viatu, nikamfundisha hayo mayai. Wewe nimekuazima tu, mtunze.

Hapa theluji imeshafika magotini na paka hataki kutoka. Afya yangu ni hii: daktari, kijana mwenye ndevu za majaribio, alikaa ukingoni mwa kitanda changu akasema moyo umechoka. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema Machi, nikiwa mbishi Aprili. Usilie. Nina miaka themanini na sita na nimekula vizuri.

Tatizo langu ni jingine. Kipindi cha mwisho cha Mto Mweupe kitaonyeshwa tarehe 18 Mei. Nimeangalia tamthilia hiyo kwa miaka kumi na moja, saba ya kwanza nikiwa na mume wangu, Metro, Mungu amrehemu. Metro aliondoka bila kujua ni nani alichoma kiwanda cha mbao. Aliondoka bila kujua kama Sajenti Marchbank atafungua mdomo siku moja amwambie Lenore, yule mwenye hoteli, kwamba anampenda. Nikifika huko, kabla ya kuniuliza habari za watoto, ataniuliza hayo. Namjua. Siwezi kwenda mikono mitupu.

Mwambie mume wetu aniandikie mistari miwili. Nani alichoma, na je, Sajenti alisema au hakusema. Nimemwomba mambo machache sana maishani.

Bibi yako,
Dokia

Burnaby, 26 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Najua umesema nisilie. Nimeshindwa, nililia dukani juu ya maandazi ya watu. Natumaini leo umeamka na nguvu.

Orest alisoma barua yako akiwa amesimama, koti hajavua. Kisha akakaa chini palepale karibu na viatu. Akaniambia hawezi. Nikadhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba wote walitia sahihi ya kutunza siri. Wanafanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, simu zinaachwa kwenye sanduku mlangoni, na picha wanazotazama zina jina la kila mmoja wao limepita katikati, ili zikivuja ajulikane nani. Mwaka jana mwenzao mmoja alimnong'oneza binamu yake jambo la kipindi kimoja tu, na kabla ya saa ya chakula cha mchana alikuwa ameshatolewa nje na begi lake. Hakuna aliyempa tena kazi hiyo mjini hapa.

Nikamwambia, "Ni Bibi yako, Orest."

Akasema, "Najua ni Bibi yangu. Na kazi hii niliisomea kwa sababu yake."

Sikuwa najua hilo. Ameniambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na minne masikio yako yalianza kufifia, na yeye akawa anakaa karibu na runinga akikuandikia kwenye daftari yale wanayosema. Bibi, niliposikia hivyo nilitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja. Nikachagua kumgombeza. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Siku mbili tuliongea habari za takataka tu, nani atazitoa. Jana aliniletea maua ambayo najua aliyanunua kwenye duka la petroli, nikayaweka katikati ya meza kama ya mfalme.

Lakini jibu lake halijabadilika. Naomba nami niseme langu, nisamehe kama ni utovu wa adabu. Ningekuwa wewe nisingetaka kuambiwa. Miaka kumi na moja ya kungoja, halafu mistari miwili kwenye karatasi? Utakuwa umeupoteza utamu wote na hutaupata tena.

Mjukuu wako,
Tamsin

Canora, 8 Desemba

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kikohozi kimeongezeka kidogo, miguu imevimba, hamu ya kula ipo.

Wewe ni mtoto, kwa hiyo nitakueleza. Kila mwaka Ijumaa Kuu naingia kanisani nikijua kabisa atasulubiwa. Hakuna mwaka nilioingia nikidhani safari hii ataponea. Na kila mwaka nalia, na Jumapili nafurahi kama sikujua. Kitabu huanza kukisoma ukurasa wa mwisho, ndipo nakaa kwa utulivu kuangalia jinsi watu wanavyofika huko. Anayeogopa kuambiwa mwisho anakimbia tu, haoni njia. Metro alikuwa kama wewe, akiziba masikio kwa mikono miwili. Tulioana miaka hamsini na tano, kwa hiyo ugonjwa huo hauui.

Mwambie Orest sijakasirika. Sahihi ni sahihi. Lakini mimi bado nataka kujua, na sina njia nyingine ya kujua.

Bibi yako,
Dokia

Burnaby, 27 Januari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kufika kwa barua hii Orest atakuwa ameshaondoka kwako, lakini naandika kwa sababu nisipoandika nitazungumza na friji.

Krismasi yote mawazo yake yalikuwa mbali. Nikimwita anaitika, nikimwuliza anawaza nini anasema hakuna. Jumatatu akaomba ruhusa kazini. Asubuhi hii kapanda ndege mpaka mji wa Regina, akodishe gari aje Canora. Mlangoni nilimwuliza kama anakuja kukuambia. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Tam," akasema, "nikirudi usiniulize nilichomwambia. Hata kidogo."

Basi nikajua. Bibi, naogopa na najivunia kwa kiasi kilekile. Naogopa kwa sababu kazi hii ndiyo anayoipenda, na akiipoteza hajui nyingine. Najivunia kwa sababu nimeolewa na mtu anayeweza kuiweka mezani kwa ajili yako. Nakusihi jambo moja: usimwambie mtu yeyote. Hata jirani. Hata padri.

Mjukuu wako,
Tamsin

Canora, 2 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mume wetu ameondoka juzi. Amekonda, unamlisha mikate tu?

Alikaa siku tatu. Kila mchana, baada ya supu, alivuta kiti upande wa sikio langu zuri akanisimulia msimu mzima uliobaki, kipindi baada ya kipindi. Aliigiza sauti zote. Sajenti alimfanya kwa kukunja kidevu, Lenore kwa kushika kiuno. Pale ambapo sikusikia alichukua karatasi akaniandikia, kama zamani. Siku ya tatu tulifika mwisho. Nililia. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikamwambia tena, akarudia tena na chai ikapoa.

Karatasi zote nimezitia motoni kwa mkono wangu. Kwa mtu yeyote sitasema. Wewe sikuambii kwa sababu hutaki, na mimi naheshimu upumbavu wa watu.

Sasa najua nani alichoma na najua Sajenti alifanya nini. Nimeshapanga jinsi nitakavyomweleza Metro, nikianzia mbali ili ateseke kidogo. Asante kwa kunipa huyo mwanamume siku tatu.

Bibi yako,
Dokia

Burnaby, 9 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimekuandikia barua mbili mwezi Machi na sijapata jibu. Jana jirani yako Pearl alimpigia simu Orest, akasema umelazwa tangu Jumamosi na unalala muda mwingi. Pearl ameahidi kukusomea hii karibu na sikio zuri.

Kazini kwa Orest hakuna aliyejua, hakuna aliyeuliza. Alimaliza kazi ya kipindi cha mwisho mapema Januari na ameshapewa tamthilia nyingine, ya wauguzi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake. Usiwe na wasiwasi juu ya lolote. Tumepata ruhusa ya siku nne, Ijumaa tunapanda ndege wote wawili. Sijawahi kukushika mkono, Bibi. Utusubiri.

Orest anakaa amefumba macho, nami nakaa karibu naye. Nilidhani ndoa ni furaha tu. Huzuni hii nayo imo, na nisingetaka akae hivi na mtu mwingine.

Mjukuu wako,
Tamsin

Canora, 20 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba kwa zote ulizonipa hospitalini. Pearl anasema ulinisalimia kila nilipofumbua jicho. Nilikuwa nusu huku nusu kule, lakini nilikuona. Una nywele nyingi na mikono ya moto. Nimeridhika.

Wamenirudisha nyumbani tangu tarehe tano. Napanda ngazi tatu, napumzika, napanda mbili. Daktari mwenye ndevu haniangalii usoni, ana aibu.

Sasa nisikilize. Tangu Orest aondoke sikuwa nimetazama kipindi hata kimoja, ugonjwa ulinilaza mapema kila Jumapili. Jumapili tumekaa na Pearl kutazama kipindi cha mwisho. Nilikaa kama bosi. Nilikuwa nimemwambia Pearl kwamba nina hisia zangu, na kwamba kila jambo kubwa likikaribia nitamkanyaga mguu. Katika robo saa ya kwanza nilimkanyaga mara tatu, na mara tatu halikutokea lolote. Pearl akaniuliza kama nimepatwa na kiharusi.

Katika masimulizi ya Orest, kiwanda kilichomwa na mwenye kiwanda mwenyewe. Kwenye runinga, kama ulivyoona, ni Lenore. Lenore, Tamsin. Kwa Orest, Sajenti alimwambia anampenda jikoni, wakimenya viazi, wakaoana majira ya kuchipua. Kwenye runinga alijua kuwa Lenore ndiye aliyechoma, akavua beji akaiweka juu ya kaunta ya hoteli, akapanda treni bila kusema. Niliruka kwenye kiti, mimi, na miguu hii. Pearl alimwaga chai.

Mwanzoni nilidhani maskini mtoto hakuonyeshwa kipindi cha mwisho, ndiyo maana alibuni. Kisha nikaangalia maneno ya chini ya picha. Treni ilipoondoka, kueleza sauti tusiyoisikia, yaliandikwa: "theluji inakanyagwa, taratibu, na mtu mmoja." Nani mwingine anaandika hivyo? Na wewe uliniambia alimaliza kazi hiyo mapema Januari. Kwa hiyo alijua. Alikaa jikoni kwangu siku tatu akijua kila kitu, akanitungia msimu mwingine tangu mwanzo hadi mwisho, na sahihi yake haikuguswa.

Nilikasirika mpaka Pearl alipoenda kwake. Halafu nikakaa nikaiona akili yake. Ningekufa Machi, ningekufa na mwisho mkononi, tena mzuri. Sikufa, na ule wa kweli nikaukuta mzima, hakuna aliyeutafuna. Ulisema kuna utamu mtu akiupoteza haupati tena. Nakubali upo. Kidogo. Usijisifu.

Na jambo jingine. Yule Lenore aliyenisimulia hakuwa Lenore wangu. Wa kwenye runinga hasemi maneno kumi kwa msimu. Wa Orest anaongea bila kuvuta pumzi, analia bila aibu, na anampenda yule Sajenti kwa sauti kubwa mbele za watu. Wakati ule nilidhani watunzi wamembadilisha. Sasa nimekaa nawe hospitalini siku nne na najua alimtoa wapi. Hukutaka kusimuliwa mwisho, kwa hiyo yaliyobaki sikusimulii. Umo ndani, ndilo ninalokuambia.

Metro nitamwambia ule wa runinga, maana ndio wa kweli na atanidai. Lakini ule mwingine ni wangu, na mume wetu hakuumaliza sawasawa. Amewaacha Sajenti na mkewe mlangoni, mvua inaanza, hakusema kama waliingia ndani au walitoka. Mwambie aniandikie kilichofuata. Aandike polepole, kila kitu, asiruke. Sina haraka.

Bibi yako,
Dokia