Ndevu Zangu na Mutumbwi Wako

Yaya,

Kaa vizuri huko uliko, kaka yangu mkubwa, maana natangaza jambo zito mbele yako na mbele ya marehemu wote wa mji wetu wa Baraka: mdogo wako amenyoa ndevu.

Ndiyo, zile zile ulizosema ni nyasi zilizokosa mbuzi.

Sokoni bamama wananipa pole. "Ona, amenyoa kwa kilio cha yaya yake!" Mi nainamisha kichwa tu. Hata pasta alinitaja kanisani kuwa mfano. Sikumkatalia.

Mutumbwi wako ulipata ufa, kuanzia mbele mpaka pale ulipozoea kukaa. Niliuziba ulivyonifunza, kwa pamba na utomvu. Ukavuja. Mama Riziki, mjane wako, akasema: "Shemeji, ukivuja tena naupasua kuni." Hakuwa amecheka tangu tulipokuzika, basi nikajua hatanii. Nami ningemezaje ugali uliopikwa kwa kazi ya mikono yako?

Nikaenda kwa mekanisiani, fundi wa mzungu mmoja mwenye boti. Boti ile, Yaya, si mti wala chuma: ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kole, gundi ya majimaji, kikakauka. Nilicheka. Halafu nikakukumbuka siku tunakandika nyumba, unakatia nyasi kwenye udongo: "Udongo peke yake unapasuka, nyasi peke yake zinalala. Changanya, iko ukuta." Nikaomba kitambaa na kole. Mekanisiani akanionya: dawa ya kugandisha, matone tu.

Sasa wewe nikudanganye ya nini? Niliimwaga kama mawese kwenye mboga ya sombe. Nikaupindua mutumbwi, nikatandika kitambaa juu ya ufa, nikainama kukagua. Unayajua macho yangu, hayaoni mpaka pua iguse. Kole ikaganda kabla sijainuka. Nikabaki pale juani, kidevu juu ya mutumbwi, naita watu kwa meno yaliyofungwa, mpaka Mama Riziki akaja na mkasi. Akacheka, Yaya. Alicheka mpaka akaketi mchangani.

Jana tulipiga kafi mpaka Mboko na kurudi, miguu mikavu. Zile ndevu tulijaribu kuzikwangua, zikakataa. Zimo ndani ya kole pamoja na nyuzi za kioo, zinashika ufa wako. Kwa hiyo bamama wa sokoni hawakukosea sana.

Pumzika, Yaya. Mutumbwi nitauchunga. Ukipasuka tena, usihofu: ndevu zinaota.

Mdogo wako