Nilimwombea Mwanangu Ashindwe

Jumapili jioni

Aibu hii siwezi kumwambia mtu, basi naiandika. Leo kwenye mashindano ya pikipiki nilimwombea mwanangu Zaituni ashindwe.

Mimi na baba yake tulikuwa tumekubaliana kwamba asipoingia tatu bora leo, tunaiuza pikipiki na kuacha mashindano. Cherehani zangu mbili pale dukani kwangu, mtaa wa Nateete, zimeshaishia kwenye matairi na vipuri. Imebaki moja, na wateja kila siku wananidai nguo zao.

Hadi mzunguko wa mwisho alikuwa wa nne. Nikaanza kupumua. Kisha akampita mwenzake kwenye kona, akamaliza wa tatu. Baba yake alilia kwa furaha. Mimi nilipiga makofi kama watu wengine.

Hata jasho halijamkauka, kocha akatufuata. "Hongera, Mama Zaituni. Lakini miguu ya mtoto imerefuka. Sasa atahitaji pikipiki kubwa zaidi."

"Tutatafuta," mume wangu akajibu bila kuniangalia. Najua atatafuta wapi.

Tulipokuwa tunarudi, Zaituni alikaa nami kiti cha nyuma, tope mpaka kwenye nyusi. Ana miaka kumi na mmoja tu. Akaninong'oneza, "Mama, ile kona ya mwisho niliiogopa sana."

"Sasa mbona hukupunguza mwendo?"

"Umeuza cherehani zako kwa ajili yangu. Ningekubalije kushindwa?"

Nikamfuta tope kwenye nyusi. Kwenye usukani, baba yake alikuwa anaimba.