Herufi za Penseli Chini ya Nota

Etobicoke, Toronto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Goti linaendeleaje? Dada Upendo aliniambia siku hizi unafundisha kwaya ukiwa umekaa kitini. Nilicheka kwanza, kisha nikahuzunika. Mimi ni mzima, ila mimi na baridi ya huku bado hatujapatana.

Mchana nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Jioni naimba kwenye kwaya ya opera, ule mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kuzungumza. Safari hii aliyetuongoza ni mzee wa Kijerumani. Alianza ujana wake akiwapigia piano waimbaji kwenye jumba dogo la opera kwao. Siku moja mkubwa wake akaugua, akasukumwa yeye mbele ya okestra, lile kundi la wapiga vyombo, aongoze, na tangu hapo ameongoza kwenye miji mikubwa mingi. Hii ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Baba, kuna jambo limenikaa kooni. Nota zao za mistari nazisoma polepole, kwa hiyo chini yake huandika kwa penseli zile do, re, mi zako. Kwenye mazoezi, wimbo ulipobadilisha ufunguo, safu yetu yote ya sauti ya pili ilipotea, nikabaki peke yangu nikiimba sawasawa, maana ulitufundisha do ikihama tuhame nayo. Mzee akaja, akachukua kitabu changu cha nota, akauliza herufi zile kaandika nani. Wenzangu wamesoma vyuo vya muziki, na wote walikuwa wananitazama. Nikasema nilikikuta kimeandikwa hivyo. Nilikukana, Baba, na hakuna aliyenitisha.

Akasema ni bahati mbaya, alitaka kumjua mtu huyo. Nikafuta herufi zote. Onyesho la kwanza nilikosea mara mbili, nikaona ninastahili.

Siku ya mwisho, watu walipomaliza kumpa maua, nilimfuata nikamwambia ukweli: zile ni za baba yangu, mwalimu wa kwaya ya kanisa Lushoto, hana piano, ana ubao na fimbo ya kuonyeshea. Hakunikasirikia. Alisema yeye alifundishwa muziki kwanza na mwoka mikate wa kijijini kwao, lakini alipopata jina, kila alipoulizwa alimtaja profesa wake. Mwoka mikate akafa hajatajwa hata mara moja.

Kisha akaniuliza, "Baba yako yuko hai?"

Nikasema yupo.

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

Nisamehe, Baba.

Nisalimie Mama, Dada Upendo anayekushikia daftari la nyimbo, na shangazi Eliwaza anayewazidi soprano wote kwa kelele. Jumamosi kabla ya mazoezi wasomee wanakwaya barua hii, hasa pale nilipokukana, maana nilikukana mbele za watu.

Herufi nimezirudisha zote kitabuni, safari hii kwa wino.

Binti yako na mwanafunzi wako,
Neema